Gari Halijafika

Mapema mwaka huu nilipata kazi ya kuandika makala ya maneno 1,200 kwa dola 15. Mteja yuko ng'ambo. Hatujawahi kuongea hata kwa simu, tunaandikiana tu. Maagizo yake yalikuwa mafupi: eleza kwa nini mtu aliyeagiza gari jipya hujikuta akingoja miezi mingi baada ya mafuriko kuingia kiwandani, au kwa wale wanaokitengenezea kiwanda vipuri. Msomaji ni mnunuzi aliyekasirika. Mtulize. Malizia na mambo matano anayoweza kufanya akingoja.

Kazi za aina hii ndizo hunilipia nyumba. Nimeandika kuhusu bima ya mbwa. Nimeandika jinsi ya kuondoa theluji mlangoni, na theluji yenyewe mimi huiona kwa mbali tu, juu ya Mlima Kenya, asubuhi kabla mawingu hayajafunga. Huwa sijali. Nasoma usiku, naandika, natuma, nalipwa, naenda kununua unga. Hii ya magari nilidhani itakuwa hivyo hivyo.

Halafu nikaandika sentensi ya kwanza: "Gari lako halijafika." Nikaacha kuandika. Nikaenda kuweka chai.

Mwaka wa 2022 hiyo sentensi ilikaa nyumbani kwetu miezi sita. Ndugu yangu mdogo, wakati huo akiwa darasa la tano, aliizoea hadi akaigeuza salamu. Baba akiingia jioni, kabla ya chochote, anamuuliza, "Baba, gari limefika?" Mama anamkazia macho. Baba anacheka. Kufika Agosti Baba alikuwa hacheki tena.

Makala ya mteja niliimaliza, nikalipwa. Hii ni ile nyingine.

Baba ni dereva. Alianza kama tanboi wa lori, akaendesha matatu ya Nanyuki na Nyeri, kisha kwa miaka tisa akaendesha lori la mzee mmoja wa soko, viazi na vitunguu, Nanyuki hadi Marikiti, Nairobi. Aliondoka saa tatu usiku, akirudi kesho yake mchana macho yakiwa mekundu. Alilipwa kwa safari. Lori likiharibika, halipwi. Vitunguu vikikosekana, halipwi.

Mwanzoni mwa 2022 rafiki yake alimwambia kuna shirika linatafuta dereva Isiolo. Wakati huo mvua ilikuwa imekosa misimu mitatu mfululizo huko kaskazini. Shirika lilikuwa na mradi wa kurekebisha visima vya kuchimbwa, vile vyenye pampu na jenereta, kwa sababu wakati wa ukame pampu hufanya kazi usiku na mchana na huharibika ovyo. Mafundi walikuwepo. Walikosa usafiri. Gari lao moja lilikuwa linalala gereji kuliko barabarani. Wafadhili wakakubali kununua pikapu mpya ya milango minne, na pikapu mpya inahitaji dereva.

Wakenya wengi hatujui foleni ya gari jipya, na wacha niseme ukweli, mimi pia sikuijua. Gari kwetu ni mtumba kutoka Japani, lisizidi miaka minane tangu litengenezwe, unalichagua kwenye picha au unalikuta yadi likiwa tayari. Gari jipya kabisa, ambalo halijakaliwa na mtu, ni la serikali, mashirika, mashamba ya maua, kampuni za ujenzi. Linaagizwa kwa barua, linalipiwa kabla, kisha linangojewa. Kwa hiyo Baba aliposoma barua yake ya ajira, ile sehemu aliyopaswa kuisoma mara mbili aliipita. Ilisema ajira itaanza siku ambayo shirika litapokea gari. Gari lilitarajiwa katikati ya Mei. Mshahara ni shilingi 42,000 kwa mwezi na posho ya kulala nje.

Mama ndiye aliyeuliza. "Na wasipolipokea?"

"Limeshalipiwa," Baba akasema. "Kitu kimelipiwa hakiwezi kukosa kuja."

Mapema Aprili akamwambia mwenye lori kwamba ataondoka mwisho wa mwezi. Angeweza kunyamaza hadi siku ya mwisho, lakini yeye si mtu wa hivyo. Husema humwachi mtu na mzigo barabarani. Mzee wa soko akamshukuru, akampa mkono, akatafuta dereva mwingine. Siku chache baadaye mvua ikanyesha Durban.

Simu ilikuja katikati ya Mei. Nilikuwa nyumbani siku hiyo kwa sababu semista ilikuwa bado haijashika. Afisa wa shirika alikuwa na heshima zake, sitamlaumu. "Mzee, gari limechelewa kidogo. Muuzaji ametuandikia kwamba kuna mafuriko."

"Mafuriko wapi? Huko Isiolo?"

"Hapana. Afrika Kusini. Yamewakumba wanaowaletea."

Baba akakata simu, akatazama nje. Ua wetu ulikuwa vumbi tupu. Mama alikuwa anabania maji ya kuoshea vyombo ili ayamwagie sukuma wiki. "Ati mafuriko," Baba akasema. "Huku tunatafuta maji, huko yameingia kwenye gari letu."

Tulicheka sisi sote. Ilikuwa inachekesha kweli. Gari la kupeleka maji kwa watu wasio na maji limezuiwa na maji.

Waliolicheka zaidi ni majirani. Mtu akisema nchini mwetu kwamba pesa iko njiani, gari liko njiani, kasha liko bandarini, sisi huwa tunajua tunasikiliza nini. Kinyozi wake alimwambia wazi, "Mzee, umechezwa. Hiyo kazi ilipewa mtu wa mtu." Rafiki yake wa matatu alimwambia vivyo hivyo. Juni ikapita. Kila wiki mbili Baba anapiga simu Isiolo, anajibiwa kwa heshima ile ile kwamba muuzaji hajatoa tarehe. Alianza kupiga simu akiwa nje, nyuma ya choo, ili tusisikie jibu.

Sasa wacha nieleze nilichosoma mwaka huu kwa dola 15, ambacho mwaka ule hakuna mtu nyumbani kwetu aliyekijua.

Tarehe 11 na 12 Aprili 2022 mvua kubwa ilinyesha mkoa wa KwaZulu-Natal. Mahali pengine zilipimwa milimita zaidi ya 300 kwa saa 24. Milima iliporomoka, nyumba zikaenda, barabara za kuingia bandari ya Durban zikaharibika, makasha yakaelea kama ndoo. Watu zaidi ya 430 walikufa, wengi wao kutoka vitongoji duni vilivyojengwa kando ya mito na kwenye miteremko. Mwezi uliofuata kundi la wanasayansi la World Weather Attribution likasema mvua kama hiyo, ambayo zamani ingetarajiwa mara moja katika miaka 40, sasa inaweza kutarajiwa mara moja katika miaka 20, kwa sababu dunia imepata joto.

Durban ni mji wa magari. Kuna bandari ya kuyapakia, kuna karakana za vipuri, na kusini mwa mji, kwenye uwanda wa chini karibu na uwanja wa ndege wa zamani, kuna kiwanda cha Toyota cha Prospecton. Maji yaliingia humo yakiwa na matope. Yalipotoka, yaliacha matope kwenye mitambo ya kukunja mabati, kwenye roboti za kuchomelea, kwenye mashimo ya chini ya sakafu ambamo mota na nyaya hukaa. Mimi nilidhani kiwanda kikifurika unafagia, unaanika, unawasha. Lakini wapi. Kila mota inafunguliwa, kila waya unapimwa, na mashine iliyokauka nje inaweza kuwa na unyevu ndani ambao utailipua siku ya kuwashwa. Ilichukua takribani miezi minne uzalishaji kurudi, na ulirudi kwa hatua, gari la aina hii kwanza, lingine baadaye.

Magari yaliyokuwa tayari yamekamilika uwanjani, zaidi ya 4,000, hayakuuzwa. Yaliharibiwa. Nilipoisoma hiyo niliisoma tena. Hapa Nairobi, baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, nilimsikia fundi akimfundisha mtu jinsi ya kulitambua gari lililozama: nusa zulia, chungulia kama kuna mchanga chini ya kiti, angalia kutu kwenye bolti za viti. Alikuwa anamfundisha kwa sababu gari lililozama kwetu linaoshwa, linapuliziwa manukato, linauzwa. Lakini gari la kisasa lina kompyuta ndogo kila pembe na nyaya zinazopita chini ya zulia. Maji machafu yakifika humo, kutu huanza pole pole, na breki au mfuko wa hewa unaweza kukataa kufanya kazi mwaka wa pili, ukiwa barabarani. Kwa hiyo mwenye kiwanda anakubali hasara, na waliokuwa mbele kabisa kwenye foleni wanarudishwa nyuma.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba kiwanda kinaweza kusimama bila kulowa. Mfano unaotajwa kila mahali ni Thailand. Oktoba 2011 maji yalijaa uwanda wa mto Chao Phraya, yakaingia kwenye maeneo ya viwanda ya Ayutthaya. Kiwanda cha Honda kilichokuwa pale kilizama, magari 1,055 yakasagwa baadaye, na kazi haikuanza tena hadi mwisho wa Machi 2012. Hilo linaeleweka. Lakini viwanda vya Toyota vya Thailand havikuingiwa na maji, na bado vilisimama zaidi ya mwezi mmoja, kwa sababu waliokuwa wanawaletea vipuri walikuwa chini ya maji. Na hata Marekani na Canada, upande wa pili wa dunia, Honda ilipunguza uzalishaji kwa kukosa vipuri hivyo hivyo.

Sababu ni kwamba kiwanda cha gari hakina stoo kubwa. Utaratibu ambao Toyota yenyewe iliufanya ujulikane duniani ni kwamba kipuri kifike wakati kinapohitajika, si wiki moja kabla. Kuweka mali stoo ni kulaza pesa. Gari moja lina vipande kama 30,000 ukihesabu hadi skrubu. Ukiwa na vyote na ukakosa kimoja, huna gari. Mama yangu alinielewa haraka nilipomweleza. Alisema ni kama kununua mafuta ya kupikia ya shilingi ishirini kila siku badala ya mtungi: pesa haikai bure, lakini duka likifungwa siku moja, mnalala njaa. Tofauti ni kwamba sisi hununua ya ishirini kwa sababu hatuna ya mtungi.

Na siku kiwanda kinapowasha taa, foleni haiishi. Kila mwezi uliopotea umeacha maagizo yake nyuma, na mapya yanaendelea kuingia. Halafu kuna meli, kuna bandari, kuna ushuru, kuna usajili, kuna kufungwa vifaa vya ziada. Barua ya muuzaji wetu haikutaja kiwanda wala karakana, ilisema tu wasambazaji. Sitataja gari lilikuwa la kampuni gani, wala shirika, wala muuzaji. Sidhani kuna aliyetudanganya. Na hilo ndilo nilikuwa sijui.

Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Salio langu la karo lilikuwa shilingi 27,500. Mkopo wa serikali ulikuwa umelipa sehemu, na Baba alikuwa ameniambia, "Mami, mshahara wa kwanza ni wako, wa pili ni wa paa." Huniita Mami kwa sababu nina jina la mamake. Tulipanga kwamba Juni atalipa nusu na Julai atamaliza, na mitihani ni Agosti.

Juni alinitumia shilingi 3,000. Nilijua ametoa wapi, kwa sababu mama aliniambia mbuzi mmoja ameuzwa. Julai alikuwa anafanya vibarua vya kubeba mawe kwenye mjengo, mtu wa miaka 51, na huko ndiko aliumia mgongo. Alirudi kwa mzee wa soko kuuliza kama kuna nafasi. Dereva mpya alikuwa kijana mzuri, hanywi pombe, na ana mtoto mchanga. Baba alisema hakuona haja ya kumwombea mtu mabaya.

Chuoni, bila kumaliza karo, mfumo haukutolei kadi ya mtihani. Nilipanga foleni ofisi ya fedha siku tatu. Yule mama wa dirishani alinisikiliza vizuri. Nikamwambia baba yangu ana kazi lakini haijaanza, kwa sababu gari halijafika, kwa sababu kuna mafuriko Afrika Kusini. Nilijisikia nikisema. Nikaona uso wake ukibadilika, si kwa ukali, ni kama mtu anayemsikitikia mtoto anayedanganya vibaya.

"Uongo mwingine, angalau uwe wa hapa karibu," akasema mvulana aliyekuwa nyuma yangu, na watu wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo. Nilirudi hosteli, nikapaki.

Nikisema mafuriko ya Durban yalinitoa chuoni, nitakuwa nimesema nusu ya ukweli. Niliahirisha semista moja tu. Wenzangu wengi wameahirisha wakarudi. Lakini nikiwa nyumbani nilianza kuandika kazi za watu mtandaoni kwa simu yenye kioo kilichopasuka, nikapata shilingi 1,800 wiki ya kwanza, na nikampa mama. Aliipokea bila kuniangalia. Januari 2023 pesa ya karo ilipopatikana nilisema wacha kwanza nisaidie. Kisha kulikuwa na deni la hosteli, kisha wenzangu wakaingia mwaka wa nne, kisha nikaona haya. Watu wakiniuliza uliachia wapi huwa nasema mwaka wa pili, na sielezi. Maelezo yangu yanaanzia mbali sana.

Pikapu ilifika Isiolo wiki ya pili ya Novemba. Afisa alipopiga simu, Baba alidhani ni kawaida, akatoka nje kama kawaida, akaenda nyuma ya choo. Alirudi akakaa kwenye kiti, akavaa viatu. Mama akamuuliza anaenda wapi. Akasema haendi popote, amevaa tu.

Alipoenda kulichukua alituma picha. Jeupe, nailoni ingali kwenye viti, na pembeni ya kioo cha mbele kuna lile bomba refu la kuvutia hewa, ambalo hufungwa ili gari liweze kuvuka mito iliyojaa bila injini kunywa maji. Mvua ya vuli ya mwaka huo nayo ilikosa. Ulikuwa msimu wa tano. Chini ya picha Baba aliandika: "Sasa tuko tayari kwa mto."

Safari yake ya kwanza ilikuwa upande wa Merti. Hii alinisimulia baadaye sana, tukiwa wawili. Njiani kulikuwa na mizoga ya ng'ombe kila mahali, kwingine iko kumi kumi, imelala ikiangalia upande mmoja. Katika ukame ule Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni mbili, lakini Baba hakuhesabu, alisema tu alifunga vioo. Walifika kwenye kisima kimoja ambacho pampu yake ilikufa mwezi wa Juni. Mafundi waliishughulikia siku mbili. Hitilafu yenyewe haikuwa kubwa. Tangu Juni wanawake wa pale walikuwa wanatembea hadi kitanda cha mto Ewaso Ng'iro, ambao ulikuwa umekauka, wanachimba mchanga, wanangoja maji yajikusanye chini ya shimo, wanachota kwa kikombe.

Mzee mmoja alikuja kukaa kivulini mwa gari. Akaligusa mlango, akaangalia vidole. "Ndilo hili?"

"Ndilo hili, mzee."

"Tuliambiwa gari limechelewa kwa sababu ya maji," mzee akasema. "Tulicheka sana."

Baba aliniambia hapo ndipo alipoona kwamba kumbe sentensi yetu ilikuwa imefika huko pia. Sisi tulidhani ni yetu. Watu wale hawakuwa wameagiza gari, hawakujua bei yake, hakuna mtu angewaandikia barua ya kuomba radhi. Lakini walikuwa kwenye foleni hiyo, nyuma yetu, na walikuwa wamelipa zaidi yetu.

Nilipokuwa naandika yale mambo matano ya mteja nilikumbuka huyo mzee. Mambo yenyewe ni haya: wasiliana na muuzaji kila mara, hakikisha bei haitapanda, omba gari la kutumia kwa muda, ongeza bima ya gari lako la zamani, uwe na subira. Ni ushauri mzuri. Ukiwa na gari la zamani, fanya hivyo. Niliongeza aya moja, kwamba gari likichelewa kuna dereva, kuna fundi, kuna mgonjwa au mkulima aliyekuwa analitegemea bila jina lake kuwa kwenye risiti, na kwamba kampuni ikiwajulisha wateja wake mapema na wazi, wateja nao wawajulishe hao. Mteja aliifuta. Aliandika kwa upole kwamba haiendani na msomaji wetu. Yuko sawa. Msomaji wake ni mwenye risiti.

Na hilo la kujulishwa ndilo kubwa kwangu. Muuzaji aliandikiwa barua ndefu, nina hakika. Shirika likaandikiwa fupi. Baba akapigiwa simu ya dakika moja. Mimi nikapata sentensi moja ya kupeleka dirishani. Wanawake wa Merti wakapata kichekesho. Kila ilipopita mkononi habari ilipungua, na ilipofika kwa wenye kuumia zaidi ilikuwa imeshakuwa kama uongo. Hakuna aliyelificha jambo. Hakuna tu aliyeona kwamba sisi pia tunastahili picha.

Kwa sababu picha zipo. Nilizipata usiku ule wa dola 15. Kiwanda kizima kikiwa ziwa la rangi ya chai ya maziwa, paa za magari yaliyopangwa safu safu zikionekana kidogo tu juu ya maji.

Wikendi iliyofuata nilienda nyumbani. Baba bado ni dereva wa lile shirika, pikapu sasa ina mikwaruzo na viti vimepasuka. Mgongo haukupona kabisa, huweka mto mdogo nyuma. Baada ya chakula nilimpa simu yangu.

"Hii ni nini?"

"Ni Durban, Baba. Aprili 2022."

Alivaa miwani. Akaivuta picha kwa vidole viwili, ikawa kubwa. Akaisogeza kushoto, kulia, kama mtu anayetafuta kitu chake. Mama alikuja kusimama nyuma yake na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Kumbe ilikuwa kweli," akasema.

Mimi nilikuwa sijui. Miaka yote hiyo nilidhani yeye aliamini, na sisi ndio tulikuwa na shaka. Kumbe alikuwa amekubaliana na kinyozi. Alidhani walimpa nafasi mtu mwingine kwanza, akashindwa, ndipo wakamkumbuka yeye, na mafuriko yalikuwa maneno ya kumlaza. Alikuwa amemfanyia kazi kwa miaka mitatu mtu aliyedhani alimdanganya, kwa sababu mshahara ulikuwa unahitajika. Na alidhani pia, hili alilisema akiwa bado anaangalia simu, kwamba mimi niliacha chuo kwa sababu baba yangu ni mjinga aliyeacha lori kwa ajili ya karatasi.

"Si ujinga," nikamwambia. "Limeshalipiwa. Ulisema mwenyewe."

Hakujibu hilo. Aliangalia picha tena. "Watu wa hapo nao," akasema, "miezi yote hiyo walikuwa wanakula nini?"

Mama akamwambia arudishe simu ya mtoto, akalale, kesho anaamka saa kumi. Akaamka saa kumi. Nilimsikia akiipasha injini moto nje, muda mrefu kuliko inavyohitaji, kisha akashika njia ya Isiolo.